Maswali ya Wasomaji: Gundi ya Kome na Rangi Zinazopukutika

Mwezi huu nimeziweka barua tatu pamoja kwa sababu zote zinahusu jambo moja, nalo ni vitu vidogo sana vinavyoichezea nuru na namna ya kuvifanya vidumu. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, nami nimeiacha ichukue, kwa kuwa swali lililomo ndilo kiini cha kazi yenyewe.

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Nimesoma kwamba wataalamu hupanga vijitufe vidogo vya kioo hadi vikatoa rangi bila kutiwa rangi yoyote, lakini kazi yao hupukutika ikiguswa kwa kidole, na kwamba siku hizi huiimarisha kwa utando ulioigwa kutoka kwa kome wa baharini. Nilipowaeleza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mmoja akaniuliza swali nililoshindwa kulijibu: kama rangi hiyo inategemea nafasi zilizo kati ya vijitufe, gundi ikiingia si itaziba nafasi hizo na kuiua rangi? Na ikiwa ni nyembamba kiasi cha kutoziba chochote, itapata wapi nguvu ya kushika? — Mwalimu, Tanga.

JIBU

Mwalimu, mwanafunzi wako amegusa mahali penyewe. Gundi zenye nguvu ni nyingi, wala si ukosefu wa nguvu unaowahangaisha wanaofanya kazi hii. Wanachokitafuta ni gundi itakayopenya mahali pote, ipake kidogo tu, kisha ikome kabla haijaharibu kile ilichokuja kukilinda.

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya kanga hutokana na dawa iliyotiwa kitambaani, ambayo hunyonya baadhi ya mawimbi ya nuru na kuyaachia mengine yarudi machoni petu. Opali, lile jiwe la thamani linalobadilika rangi ukiligeuza, halina dawa ya namna hiyo. Mwaka 1964 mtafiti wa Australia, J. V. Sanders, alionyesha kwa picha za hadubini ya elektroni kwamba opali ya thamani imejengwa kwa vijitufe vya silika, kitu kilekile kinachofanya kioo, vilivyolingana ukubwa na kupangwa safu juu ya safu. Vijitufe hivyo huwa na kipenyo cha nanomita 150 hadi 300 hivi, kwa hiyo ukichukua vya nanomita 250 utavipanga zaidi ya 300 kwa mstari katika upana wa unywele mmoja. Kila safu hurudisha sehemu ndogo ya nuru. Mawimbi yanayorudi kutoka safu zote yakikutana yakiwa yanapanda na kushuka pamoja, rangi moja hupata nguvu, na mawimbi ya urefu mwingine hufutana yenyewe kwa yenyewe. Umbali kati ya safu ukibadilika, rangi nayo hubadilika.

Mfano mwingine upo katika misitu ya kwetu. Kuna mmea uitwao kwa jina la kisayansi Pollia condensata, unaoota Tanzania, Msumbiji, Ethiopia na kwingineko Afrika, ambao matunda yake madogo yana buluu inayong'aa kama chuma kilichosuguliwa. Mwaka 2012 Silvia Vignolini wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walieleza kwamba buluu hiyo haitokani na dawa yoyote, bali na nyuzi za selulosi ndani ya kuta za seli, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likigeuka kidogo kuliko lililo chini yake, kama vidato vya ngazi ya kuzunguka. Matunda yaliyochumwa Ghana mwaka 1974 na kuhifadhiwa katika bustani za mimea za Kew, Uingereza, yalikuwa bado yanang'aa baada ya miaka hiyo yote. Ninakuomba uukumbuke mfano huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba rangi ya muundo, yaani ile inayotokana na mpangilio badala ya dawa, si dhaifu kwa asili yake. Katika tunda hilo, kinachotoa rangi na kinachobeba uzito ni ukuta uleule mmoja.

Kazi ya mikono ya binadamu haina bahati hiyo. Njia rahisi ya kutengeneza opali bandia ni kuchanganya vijitufe vya silika na maji, kumimina mchanganyiko huo juu ya kioo, na kuyaacha maji yakauke polepole. Maji yanapopungua huvivuta vijitufe vikaribiane hadi vikajipanga vyenyewe. Nenda sokoni ukatazame fungu la machungwa: matatu chini, moja juu, limekaa katika kibonde kilichoachwa na yale matatu. Endeleza mpango huo pande zote, na kila chungwa litagusana na mengine 12. Asilimia 74 ya nafasi itakuwa machungwa, na asilimia 26 itakuwa hewa. Lakini kila mguso kati ya chungwa na chungwa ni nukta tu, na hakuna kinacholishika moja na jingine isipokuwa uzito wake. Anayenunua akichomoa la chini, fungu lote linaporomoka. Vijitufe vya silika vinavutana kidogo kwa nguvu dhaifu zilizopo kati ya molekuli, jambo ambalo machungwa hayana, lakini nguvu hizo hazitoshi kustahimili kidole, kitambaa cha kufutia vumbi, wala tone la maji linaloingia na kukauka tena na tena.

Sasa tufikirie gundi ya kawaida ya dukani. Kwanza ni nzito, kwa hiyo itakaa juu kama krimu juu ya keki na kuacha tabaka za chini zikiwa vilevile. Pili, tuseme tumeilazimisha ikaingia: itajaza zile asilimia 26 zote. Silika hupunguza mwendo wa nuru mara 1.45 hivi, na gundi nyingi za plastiki hupunguza mara 1.5 hivi. Nuru inayopita katika silika iliyozungukwa na gundi ya namna hiyo haioni tofauti kubwa kati ya kijitufe na nafasi iliyo jirani yake, na pasipo na tofauti hapana kinachorudi. Rangi inafifia na kinachobaki ni kipande cha kitu kinachopenyeza nuru, kigumu kweli, lakini hakina kazi tena. Hapo hofu ya mwanafunzi wako ni ya haki kabisa.

Hapa ndipo kome anapoingia. Watu wa pwani hutumia jina hilo kwa viumbe kadhaa vya magamba. Ninayemkusudia ni yule mwenye magamba mawili yanayofunguka kama kitabu, anayejifunga kwenye mwamba kwa kishada cha nyuzi. Waliochunguzwa zaidi ni wa bahari za baridi, hasa Mytilus edulis wa Atlantiki, ingawa jamaa zake wadogo wapo hata katika miamba yetu. Kome hutoa mguu wake laini, akaukandamiza kwenye jiwe, akamimina protini katika mfereji ulio chini ya mguu huo, na baada ya dakika chache anauondoa na kuacha uzi wenye kisahani kidogo kilichonatia kwenye jiwe. Anafanya hayo ndani ya maji ya chumvi, juu ya jiwe lenye utelezi, huku mawimbi yakimpiga. Yeyote aliyewahi kujaribu kubandika kiraka kwenye ndoo iliyolowa anajua kwamba maji ndiyo adui wa kwanza wa gundi.

Mwaka 1981 Herbert Waite na mwenzake walitangaza kwamba protini hizo zina kwa wingi kiungo kiitwacho Dopa. Molekuli yake ina pete ya kaboni yenye vikundi viwili vya oksijeni na hidrojeni vilivyokaa ubavu kwa ubavu, kama vidole viwili. Vidole hivyo hushika uso wa jiwe au wa metali na kuyasukuma maji pembeni. Ndani ya mfereji wa mguu kome hutunza hali ya tindikali, ili vidole visiharibiwe na oksijeni kabla ya kushika. Mguu ukiondoka, maji ya bahari, ambayo yana ubesi kidogo, huingia na kuigandisha gundi.

Mwaka 2007 Phillip Messersmith, Haeshin Lee na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliiga jambo hili kwa njia rahisi mno. Hawakutumia protini ya kome. Walitumia dopamini, molekuli ndogo ya ukoo uleule wa Dopa, miligramu 2 kwa kila mililita ya maji yaliyowekwa katika pH 8.5, yaani ubesi unaokaribia ule wa bahari. Walizamisha kitu ndani yake, wakakiacha wazi kwa hewa, na polepole kikajivika utando mweusi-kahawia uitwao polidopamini. Metali ilivikwa, kioo kilivikwa, plastiki ilivikwa, hata ile Tefloni ya kikaango kisichogandiwa na chakula nayo ilivikwa. Baada ya saa 24 utando ulifikia unene wa nanomita 50 hivi. Hiyo ndiyo sifa inayohitajika katika kazi yetu: dopamini ni ndogo na imeyeyuka katika maji, kwa hiyo inafika kila mahali maji yanapofika, na utando huota kidogo kidogo juu ya kila uso, mpaka mtu aamue kukitoa kitu hicho majini.

Turudi kwenye swali la nguvu. Hili unaweza kuliandika ubaoni, kwa kuwa linahitaji kanuni ya Pitagorasi tu. Chora vijitufe viwili vyenye kipenyo cha nanomita 250 vinavyogusana. Kitovu cha kila kimoja kiko nanomita 125 kutoka mahali pa mguso. Sasa kila kimoja kivishe utando wa nanomita 5. Nusu kipenyo imekuwa 130, lakini vitovu havikusogea, kwa hiyo tando mbili zimeingiliana mahali pa mguso na kuwa shingo. Kipeo cha pili cha 130 ni 16,900. Toa kipeo cha pili cha 125, yaani 15,625, unabaki na 1,275, na kipeuo chake cha pili ni karibu 36. Hiyo ni nusu kipenyo ya shingo. Palipokuwa na nukta pamekuwa na mduara wenye upana wa nanomita 71 hivi, zaidi ya robo ya upana wa kijitufe chenyewe, na kila kijitufe kina shingo 12 za namna hiyo. Utando wa nanomita 5 umefanya kazi ya kitu kinene zaidi yake, kwa sababu umenenepa pale tu palipohitaji kunenepa. Nilipolifanya hesabu hili kwa mara ya kwanza nililirudia, nikidhani nimekosea.

Na rangi je? Kabla ya kupakwa, kwa vijitufe hivyo, hesabu ya safu inatoa rangi yenye urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi, ambayo ni kijani. Utando huo wa nanomita 5 unachukua karibu theluthi moja ya nafasi iliyokuwa wazi, ikishuka kutoka asilimia 26 hadi kama 18. Tukikadiria kwamba polidopamini hupunguza mwendo wa nuru mara 1.7, rangi inahama hadi kama nanomita 573, yaani kijani kinachoelekea manjano. Rangi haikufa, imehama hatua ambayo mtaalamu anaweza kuipigia hesabu mapema, akaanza na vijitufe vidogo kidogo ili amalizie kwenye rangi aliyoikusudia. Umbali wa safu haukubadilika hata kidogo, kwa kuwa utando ulipakwa juu ya vijitufe vilivyokwisha kujipanga.

Lipo pia kikomo. Kati ya vijitufe vitatu vinavyogusana kuna kijitundu cha pembe tatu ambacho maji hupitia kuingia ndani, na kwa vijitufe vya ukubwa huu kijitundu hicho kinazibwa kabisa utando ukifikia nanomita 19 hivi. Ukiiacha kazi ndani ya dopamini kwa saa 24 zote, milango itafungwa, tabaka za ndani hazitapata zaidi, na rangi itabaki chini ya ukungu mweusi. Kwa hiyo jibu fupi la kumpelekea mwanafunzi wako ni kwamba hofu yake ni sahihi kwa utando mnene, na si sahihi kwa utando wa nanomita chache. Kazi yote ya fundi ni kukaa kati ya hayo mawili.

Weusi wa utando nao unastahili maneno machache, maana wengi huuona kama doa. Mtazame tausi. Buluu ya shingo yake ni rangi ya muundo, lakini vijifimbo vinavyoijenga ni vya melanini, dawa nyeusi ileile inayotia weusi nywele zetu. Melanini hunyonya nuru inayotawanyika ovyo, ile ambayo ingeifanya rangi ionekane kama iliyomwagiwa maziwa. Polidopamini ni jamaa wa karibu wa melanini na hufanya kazi hiyohiyo. Michinari Kohri na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walionyesha mwaka 2015 kwamba vijitufe vilivyotengenezwa kwa polidopamini yenyewe hutoa rangi za muundo zilizo wazi machoni. Opali bandia nyeupe, ukiitazama mchana juu ya karatasi, huonekana kama maziwa yenye kivuli cha rangi. Ikivikwa utando mwembamba mweusi, rangi hujitokeza. Gundi moja imefanya kazi mbili.

Lakini vipo vifaa vya nuru visivyotaka weusi wowote. Jicho la nondo lina vinundu vya nanomita 200 hivi vinavyozuia nuru isirudishwe, na wahandisi wameviiga juu ya lenzi na vioo ili vipitishe nuru yote. Vinundu hivyo vikifutwa kwa kitambaa huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo navyo vinahitaji kuimarishwa, ila si kwa utando unaonyonya nuru vilivyokusudiwa kuipitisha. Kwa kazi kama hiyo kundi lilelile la Messersmith lilitangaza mwaka 2013 tando zisizo na rangi, zilizotokana na viungo vya ukoo wa vile vilivyomo katika chai, divai nyekundu na kakao. Kikombe cha kioo kilichoachwa na chai kavu usiku kucha kinakuonyesha jambo hilo kwa karibu: suuza kwa maji, suuza tena, na bado kuna duara la kahawia lililoshika kioo kitupu, ambacho kwa kawaida hakishiki kitu. Watafiti walipata namna ya kuubakiza ushikaji huo na kuiondoa rangi.

Mwisho, Mwalimu, nisikuachie picha ya gundi isiyo na kasoro. Oksijeni inaifanya gundi hii ikaze ndani yake, lakini oksijeni hiyohiyo huviharibu vile vidole viwili vya kushikia jiwe. Mwaka 2006 kundi la Northwestern lilipima nguvu ya kung'oa Dopa moja kutoka kwenye uso wa titani na kupata piconyutoni 800 hivi, nguvu kubwa kwa molekuli moja. Dopa iliyokwisha kuguswa na oksijeni ilishika kwa udhaifu zaidi sana. Hata hivyo, juu ya uso wa kikaboni, yaani wa molekuli za kaboni kama zile za viumbe hai, ile iliyoguswa na oksijeni ndiyo iliyofunga moja kwa moja bila kurudi. Kome amelitatua jambo hili kwa kuweka protini nyingine kando ya Dopa, inayoirudishia hali yake ya kwanza pale inapogusana na jiwe. Maabara bado haziigi ustadi huo wote. Hata muundo kamili wa polidopamini wanakemia wanaubishania. Tena utando huu haupendi besi kali: tone la magadi ya kutengenezea sabuni linaweza kuubandua.

SWALI

Mhariri mwanangu, mimi ni bibi ninayeishi Bukoba, na maisha yangu yote nimemenya ndizi. Mjukuu wangu anayesoma Dar es Salaam ameniambia kwamba ule weusi wa utomvu wa ndizi ni sawa na gundi wanayotengeneza wanasayansi, na kwamba ndani yake mna dawa ya ubongo. Nilimwona ananitania. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, si sumu hiyo? — Bibi wa Bukoba.

JIBU

Bibi, shikamoo. Mjukuu wako hakukutania. Ndizi ina dopamini, nyingi zaidi kwenye ganda kuliko kwenye nyama yake. Ukikata au kumenya, unapasua vyumba vidogo ambamo dopamini na vimeng'enya vilikuwa vimetengwa, navyo vikikutana mbele ya hewa dopamini hugeuka kahawia, kisha nyeusi. Ni mabadiliko ya namna ileile wanayoyafanya maabara kwa kutumia maji yenye ubesi badala ya vimeng'enya. Ndiyo maana doa la ndizi kwenye gauni halitoki kwa sabuni: haliko juu ya uzi kama tope, limeota juu ya uzi na kuushika. Na wewe unajua dawa yake tangu zamani, ya kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, ili utomvu usiiguse ngozi yenyewe.

Kisu chako cha chuma pia ni shahidi. Kinapomenya ndizi mbichi hugeuka cheusi kuliko mkono, kwa sababu viungo vya ukoo huu hukamatana na chuma kwa nguvu. Kome naye hutumia chuma kidogo anachokipata baharini kukaza ganda la nje la nyuzi zake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, chini ya Frank Caruso, walichanganya tanini na chuma katika maji na kupata utando wa nanomita 10 hivi uliovika vitu vya kila aina kwa muda mfupi sana. Tanini ndiyo ile iliyomo katika magome ya mkoko yaliyotumika pwani kusindikia ngozi.

Kuhusu ubongo, ni kweli kwamba dopamini ni mojawapo ya molekuli ambazo ubongo hutumia kupelekea habari, na kwamba hospitalini hutolewa kwa mshipa kwa wagonjwa mahututi ambao shinikizo lao la damu limeshuka mno. Lakini dopamini unayoila katika ndizi haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, kwa hiyo haitakuongezea furaha wala kukuondolea akili. Ndizi si sumu, Bibi. Endelea kuwalisha wajukuu. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni mtaalamu wa maabara anayepima dopamini ya unga, ambaye huvaa glavu kama anavyofanya kwa dawa nyingine yoyote. Ikishageuka utando huwa ni kitu kingine, kisichoyeyuka ndani ya maji.

SWALI

Kaka Mhariri, ninanunua na kuuza vito Arusha, na siku hizi naletewa opali za Ethiopia. Baadhi hupasuka nyufa au kufifia baada ya muda. Je, naweza kuziimarisha kwa utando huu unaotajwa? — Msomaji, Arusha.

JIBU

Ndugu yangu, nakushauri usijaribu. Opali ya asili haifanani na ile ya maabara katika jambo moja kubwa: vijitufe vyake vimekwisha kuunganishwa na silika nyingine iliyojipenyeza kati yake katika muda mrefu wa kukaa ardhini. Shingo zile nilizomweleza Mwalimu, jiwe lako linazo tayari, tena za silika. Nyufa unazoziona haziletwi na vijitufe kuachana kimoja kimoja, bali aghalabu na maji yaliyomo ndani ya jiwe kutoka kwa haraka, upande mmoja ukasinyaa kabla ya mwingine.

Opali za Wollo, huko Ethiopia, ambazo zilianza kuingia sokoni kwa wingi baada ya kugunduliwa mwaka 2008, zina tabia ya kunywa maji. Ukiitumbukiza moja ndani ya bilauri utaona rangi zake zikififia na jiwe likiwa kama kioo, kwa sababu ileile niliyoieleza juu: maji yamejaza mahali palipokuwa na hewa, na tofauti iliyokuwa ikirudisha nuru imepungua. Likikauka polepole, rangi hurudi. Sasa fikiria jiwe la namna hiyo likinywa maji yenye dopamini. Litameza mchanganyiko hadi ndani, weusi utaota humo, na hakuna njia ya kuutoa bila kuliharibu jiwe. Ukiliuza baada ya hapo utakuwa unauza jiwe lililotiwa rangi, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha yake.

Opali ya Ethiopia itunze mbali na jua kali, taa za joto na mafuta, usiisafishe kwa sabuni yenye harufu, na ikilowa iache ikauke yenyewe kivulini kwa siku kadhaa, bila kuisogeza karibu na moto ili kuiharakisha.